Sarafu Moja, Mipango Mitano: Euro, CFA, Randi, Dola na Shilingi ya Afrika Mashariki

Nchi kadhaa zikitumia pesa ile ile, huitwa kanda ya sarafu moja, au kwa lugha ya mikataba, umoja wa fedha. Kanda ya euro ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kanda zote zimejengwa kwa ramani yake. Sivyo. Senegal na Togo zina sarafu moja, Lesotho inapokea randi, Ekuador inalipa mishahara kwa dola ya Marekani, na kila moja imetoa kitu tofauti na kupata kitu tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imejiwekea mwaka 2031 kuwa lengo la sarafu ya pamoja, kwa hiyo anayeishi Mwanza, Kisumu, Goma au Bujumbura ana sababu ya kuzijua tofauti hizo mapema.

Maswali manne yanatosha kuupima mpango wowote. Nani anaamua riba? Benki zikikwama, nani anazikopesha? Faida ya kutoa noti inaingia mfuko wa nani? Na nchi ikitaka kutoka, mlango uko wapi?

| Mpango | Anayeamua riba | Benki zikikwama | Faida ya noti | Kutoka |
|---|---|---|---|---|
| Euro | Benki Kuu ya Ulaya, magavana wote wakiwa mezani | Benki Kuu ya Ulaya pamoja na mfuko wa uokozi | Hugawanywa kwa wanachama | Hakuna kifungu cha kuacha euro peke yake |
| Faranga ya CFA | Benki kuu mbili za kikanda, zikifuata euro | Benki kuu ya kanda, kwa mipaka | Hubaki kanda | Inawezekana. Guinea na Mali zilitoka, Mali ikarudi baadaye |
| Randi | Benki Kuu ya Afrika Kusini | Kila nchi na yake | Afrika Kusini hulipa fidia Lesotho na Namibia | Rahisi. Botswana ilitoka 1976 |
| Dola kwa uamuzi wa nchi peke yake | Marekani | Hakuna wa uhakika | Hubaki Marekani | Ngumu. Wananchi hawaiamini pesa mpya |
| Sarafu yako na mfumo wa malipo wa pamoja | Benki kuu yako | Benki kuu yako | Ni yako | Hakuna cha kutoka |

Jedwali linaficha mengi. Safu ya “Benki zikikwama” ndiyo iliyowaumiza watu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kwenye hotuba.

Euro: umoja kamili, uliokamilishwa baada ya ajali

Kwanza tutenganishe mambo matatu yanayochanganywa kila siku. Umoja wa Ulaya una nchi 27. Kati yake 21 zinatumia euro, Bulgaria ikiwa ya mwisho kuingia, tarehe 1 Januari 2026. Uswidi, Denmark, Poland, Cheki, Hungaria na Romania zimo ndani ya Umoja lakini zina pesa zao. Schengen ni habari ya mipaka na viza: Ireland inatumia euro na haimo Schengen, Uswisi na Norway zimo Schengen bila euro na bila uanachama wa Umoja. Kwa hiyo viza ya Schengen haikuambii ubebe pesa gani. Ukitua Stockholm utahitaji krona, na ukitua Zurich, faranga ya Uswisi.

Wapo pia wanaotumia euro nje ya Umoja. Monaco, San Marino, Vatikani na Andorra zina mikataba. Montenegro na Kosovo zilijichukulia tu, bila mkataba. Hakuna hata moja kati ya hizo sita yenye kiti katika Benki Kuu ya Ulaya, Frankfurt. Na karibu zaidi na pwani yetu, kisiwa cha Maore, yaani Mayotte, kinatumia euro kwa kuwa kinatawaliwa kama sehemu ya Ufaransa, ilhali Ngazija, Nzwani na Mwali zina faranga ya Komoro.

Mkataba wa Maastricht, uliopanga euro, ulisainiwa Februari 1992. Tarehe 1 Januari 1999 nchi 11 zilifunga viwango vya sarafu zao moja kwa moja, na kwa miaka mitatu euro ikawa pesa ya vitabuni na kwenye kompyuta za benki. Noti zikatoka tarehe 1 Januari 2002. Riba huamuliwa na Baraza la Magavana: wajumbe sita wa bodi ya utendaji pamoja na gavana wa kila nchi mwanachama. Gavana anatakiwa afikirie kanda nzima, wala hahesabiwi kura kwa ukubwa wa uchumi wa nchi yake, ingawa tangu 2015 magavana hupiga kura kwa zamu.

Tatizo la riba moja lilionekana mapema. Kabla ya 2008 riba iliyoifaa Ujerumani, ambayo uchumi wake ulikuwa unakwenda polepole, ilikuwa ndogo mno kwa Uhispania na Ireland. Mikopo ya nyumba ikafurika, bei za nyumba zikapaa, na benki kuu za Madrid na Dublin hazikuwa tena na mamlaka ya kupandisha riba ili kupoza mambo.

Kisha ikaja Ugiriki. Mwishoni mwa 2009 serikali mpya ilitangaza kwamba nakisi ya bajeti ilikuwa kubwa mara mbili au zaidi ya ile iliyoripotiwa. Nchi yenye sarafu yake, ikifika hapo, huishusha thamani: bidhaa za nje zinapanda bei, za kwake zinauzika zaidi, na maumivu yanasambaa kwa wote kimyakimya. Ugiriki haikuwa na njia hiyo. Marekebisho yalipitia kwenye mishahara, pensheni na ajira, na mwaka 2013 zaidi ya asilimia 27 ya nguvukazi haikuwa na kazi. Mwishoni mwa Juni 2015 benki zilifungwa na kila mwenye kadi akaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Cyprus ilikuwa imetangulia, Machi 2013: wenye amana zilizozidi euro 100,000 katika benki mbili kubwa walipoteza sehemu ya pesa zao, na kupeleka pesa nje ya nchi kukawekewa vizuizi.

Hapo ndipo palipo na somo zito kwa kila kanda inayotaka kuzaliwa. Euro iliyokuwa benki ya Nicosia na euro iliyokuwa benki ya Frankfurt zilikuwa na jina moja, lakini moja haikuweza kusafiri. Sababu ni kwamba sarafu ilikuwa ya pamoja, na usimamizi wa benki ulikuwa wa kila nchi. Benki ikianguka, serikali ya nchi hiyo ndogo ndiyo iliyobeba mzigo, na ikizidiwa, inaanguka nayo. Ulaya ilirekebisha baadaye: mfuko wa uokozi wenye uwezo wa kukopesha euro bilioni 500 ulianza 2012, na Novemba 2014 Benki Kuu ya Ulaya ikachukua usimamizi wa benki kubwa. Bima ya amana, euro 100,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, bado inasimamiwa na kila nchi.

Faida za euro kwa mtu wa kawaida ni za kweli na hazihitaji kupambwa. Akaunti ya benki ya Lisbon inalipa bili ya umeme Helsinki. Tangu Oktoba 2025 benki za kanda ya euro zinalazimika kuwezesha kutuma euro ndani ya sekunde kumi, saa 24, kwa ada isiyozidi ile ya uhamisho wa kawaida. Ukiwa na ndugu Ulaya anayekuambia benki imekataa mshahara wake kwa sababu akaunti ni ya nchi nyingine ya Umoja, mwambie sheria inawakataza kufanya hivyo.

Faranga ya CFA: sarafu moja iliyofungwa kwa nyingine

Watu husema "CFA" kana kwamba ni pesa moja. Ni mbili. Ya magharibi inatolewa na benki kuu yenye makao Dakar kwa nchi nane: Benin, Burkina Faso, Cote d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo. Ya kati inatolewa Yaoundé kwa nchi sita: Kameruni, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Kongo-Brazzaville, Guinea ya Ikweta na Gabon. Zote mbili zina kiwango kilekile, faranga 655.957 kwa euro moja, lakini noti ya Dakar haipokelewi dukani Douala, na tangu 1993 kila benki kuu imeacha kuzinunua noti zake zikiwa nje ya kanda yake. Mfanyabiashara anayetoka Lomé kwenda Libreville abadilishe kuwa euro kabla ya kuondoka, la sivyo ataangukia kwa wabadilishaji wa mitaani na kukatwa. Noti za magharibi zina herufi ya nchi kando ya namba, kwa mfano K ya Senegal, A ya Cote d'Ivoire, T ya Togo. Herufi hiyo haizuii noti kutumika katika nchi zote nane.

Mpango ulianzishwa tarehe 26 Desemba 1945 na Ufaransa ndiyo iliyodhamini kiwango. Kwa muda mrefu benki kuu hizo zililazimika kuweka sehemu kubwa ya akiba zao za fedha za kigeni katika hazina ya Ufaransa. Desemba 2019 ilitangazwa mjini Abidjan kwamba sharti hilo linaondolewa kwa nchi za magharibi na kwamba wawakilishi wa Ufaransa watatoka kwenye vyombo vya benki kuu yao. Kiwango na udhamini vilibaki. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, lakini zimeendelea kutumia CFA, kwani hizo ni taasisi mbili tofauti.

Kinachopatikana ni mfumuko mdogo wa bei kwa miaka mingi ukilinganisha na majirani wenye sarafu zao. Kinacholipwa kilionekana Januari 1994. Faranga ya Ufaransa, ambayo CFA ilifungwa kwayo kabla ya euro, ilitoka CFA 50 hadi CFA 100 kwa usiku mmoja. Dawa iliyokuwa ikiagizwa kwa faranga 200 za Ufaransa ilikuwa CFA 10,000. Kesho yake ilikuwa CFA 20,000, na mshahara ulikuwa uleule. Komoro, iliyo kwenye mpango kama huo lakini ikiwa na faranga yake, ilishusha kwa kiasi kidogo zaidi: kutoka 50 hadi 75, kwa hiyo dawa ileile ilifika 15,000. Ndiyo maana leo euro moja ni faranga 491.96775 za Komoro. Ulinganisho huu ni mfano mzuri wa faida ya kuwa na kiwango chako hata unapokuwa chini ya mdhamini uleule: Komoro iliweza kupima dozi yake, nchi 13 za CFA za wakati huo zilipewa dozi moja, awe mwuzaji kahawa au mwuzaji mafuta.

Kiwango kilichofungwa kina gharama nyingine isiyopiga kelele. Euro ikipanda thamani dhidi ya dola, pamba ya Mali na Burkina Faso, ambayo bei yake duniani ni ya dola, inaleta faranga chache zaidi, ingawa hakuna lililobadilika shambani.

Randi: jirani mkubwa na wadogo watatu

Lesotho, Eswatini na Namibia zina pesa zao, loti, lilangeni na dola ya Namibia, kila moja ikiwa na thamani sawa na randi moja. Riba kwa vitendo inaamuliwa Pretoria, na majirani hawana kura. Afrika Kusini hulipa Lesotho na Namibia fidia kwa randi zinazozunguka huko, jambo ambalo kwenye mpango wa dola halipo kabisa.

Kwa msafiri kanuni ni fupi: randi hupokelewa Maseru, Mbabane na Windhoek, lakini maloti na emalangeni hazipokelewi Johannesburg. Zimalize kabla ya kuvuka.

Botswana ilikuwa humo na ikatoka 1976 kwa kuanzisha pula. Iliweza kwa sababu ilikuwa na benki kuu yake tayari, iliyoanzishwa 1975, na mapato ya almasi yaliyoijengea akiba. Mpango ambao mtu anaweza kutoka bila kubomoa nyumba una thamani yake, hata kama hautokei kwenye vipeperushi.

Dola: dawa kali kwa mgonjwa mahututi

Panama imetumia dola tangu 1904, Ekuador tangu 2000, El Salvador tangu 2001. Ekuador iliibadilisha sarafu yake kwa sucre 25,000 kwa dola moja. Mpango huu hauundi kanda kwa maana ya mkataba. Washington haiulizwi wala haiwajibiki. Unazima mfumuko wa bei haraka kuliko njia nyingine yoyote, kwa kuwa serikali haina tena mashine ya kuchapisha.

Zimbabwe ilifanya hivyo 2009. Bei zilitulia. Kisha yakaja matatizo mawili ambayo kila nchi ya dola inakutana nayo. La kwanza ni chenji: noti za dola huingia nchini, sarafu ndogondogo haziji, na wenye maduka wakawa wanarudisha peremende, kalamu au karatasi ya deni. Desemba 2014 nchi ikatoa sarafu zake ndogo. Ekuador na Panama zilikwepa hilo kwa kutoa sarafu zao za senti. La pili ni zito zaidi: dola zikitoka nchini kuliko zinavyoingia, foleni za benki zinaanza na hakuna wa kukopesha. Zimbabwe ilitoa noti za dhamana 2016, ikarudisha dola yake 2019, na Aprili 2024 ikaanzisha sarafu nyingine, ZiG. Kila jaribio lilikutana na watu walioshika dola kwa mikono miwili.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuamua rasmi kuacha faranga yake, lakini dola inatawala amana za benki, kodi za nyumba na bei za vitu vikubwa. Anayekwenda Lubumbashi au Bukavu ajue kwamba noti iliyochanika hata kidogo ukingoni, iliyoandikwa kwa kalamu au ya toleo la zamani hukataliwa, na noti za dola moja mara nyingi hazitakiwi. Chenji hurudi kwa faranga. Tanzania ilichukua upande wa pili: mwaka 2025 ilitunga kanuni zinazokataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Shilingi ya Afrika Mashariki: ile iliyokuwapo na ile inayopangwa

Afrika Mashariki imewahi kuwa na sarafu moja. Bodi ya Sarafu iliundwa 1919 na kukaa London, na shilingi ikaanza kutumika mapema miaka ya 1920, ishirini kwa pauni moja ya Uingereza. Zanzibar iliacha rupia na kuingia 1936. Haikuwa benki kuu. Kazi yake ilikuwa kutoa shilingi kwa anayeleta pauni na kurudisha pauni kwa anayeleta shilingi. Haikupanga riba, haikukopesha serikali kama benki kuu inavyofanya, haikusimama nyuma ya benki. Nchi zilipopata uhuru zilitaka zana hizo, hazikuafikiana juu ya benki kuu moja, na mwaka 1965 zikatangaza kwamba kila moja itakuwa na yake. Mwaka 1966 shilingi za Tanzania, Uganda na Kenya zikatoka, na kwa miaka michache zilibaki na thamani sawa.

Mpango wa sasa ni wa aina ya euro. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikiwa hatua ya tatu baada ya Umoja wa Forodha na Soko la Pamoja, na kabla ya shirikisho la kisiasa. Lengo la kwanza lilikuwa 2024, likasogezwa hadi 2031. Masharti yake yakiwekwa kando ya yale ya Maastricht, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri:

| Kipimo | Afrika Mashariki | Maastricht |
|---|---|---|
| Mfumuko wa bei | Usizidi asilimia 8 | Usizidi kwa zaidi ya pointi 1.5 wastani wa nchi tatu bora |
| Nakisi ya bajeti | Asilimia 3 ya pato la taifa, misaada ikihesabiwa | Asilimia 3 ya pato la taifa |
| Deni la umma | Asilimia 50, kwa thamani ya sasa | Asilimia 60, kwa thamani iliyoandikwa |
| Akiba ya fedha za kigeni | Miezi 4.5 ya uagizaji | Hakuna |
| Riba ya muda mrefu | Hakuna | Pointi 2 juu ya nchi tatu bora |
| Muda wa kuthibitisha | Miaka mitatu mfululizo | Bei na riba kwa mwaka mmoja. Sarafu kwa miaka miwili |

Mstari wa deni ndio unaosomwa vibaya zaidi. Asilimia 50 ya Afrika Mashariki inapimwa kwa thamani ya sasa, yaani mkopo wa masharti nafuu wa miaka 40 huhesabiwa kidogo kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Anayechukua takwimu ya deni kutoka kwenye hotuba ya bajeti na kuilinganisha na 50 moja kwa moja analinganisha vipimo viwili tofauti. Mstari wa nakisi nao una mtego: misaada ikihesabiwa kama mapato, nchi inaweza kufaulu mwaka huu na kufeli mwakani kwa sababu tu mfadhili amekatisha.

Tazama sasa wanachama wenyewe. Sudan Kusini inaishi kwa kuuza mafuta ghafi. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zinaagiza petroli na dizeli. Kongo inaishi kwa shaba na kobalti. Mafuta yakipanda bei, Juba inahitaji sarafu yenye nguvu na Nairobi inahitaji nafuu, siku hiyohiyo. Mwaka 2016 mfumuko wa bei Sudan Kusini ulifika mamia ya asilimia, ilhali Tanzania ulikuwa wa tarakimu moja. Mwanauchumi Robert Mundell alionyesha mwaka 1961 kwamba kanda kama hiyo hufanya kazi pale tu watu wanapoweza kuhama kufuata kazi kwa urahisi. Wanauchumi waliomfuata waliongeza sharti la pili: mfuko wa kuhamisha fedha kwa aliyeumia. Soko la Pamoja la mwaka 2010 linaahidi la kwanza, utekelezaji wake ukiwa wa kusuasua. La pili, yaani mfuko huo, halipo.

Sarafu moja inamwokolea mfanyabiashara kiasi gani?

Tuseme bureau ya mpakani Namanga inauza shilingi ya Kenya kwa 19.50 za Tanzania na kuinunua kwa 18.50. Mtu mwenye shilingi milioni moja za Tanzania anapata 51,282 za Kenya. Asipopata mzigo, akazibadilisha zote kurudi, anabaki na 948,717. Amepoteza zaidi ya shilingi 51,000, asilimia tano, bila kununua hata gunia moja. Sarafu moja inafuta hasara hiyo yote.

Lakini sehemu kubwa ya asilimia tano hiyo haitokani na kuwa na sarafu mbili. Inatokana na noti taslimu, bureau chache, na kupitia dola katikati. Tayari upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ambapo benki hulipana kwa sarafu za nchi wanachama bila dola. Ni kwa malipo yanayopitia benki, na wafanyabiashara wadogo wengi hawaujui. Ukiingia tawini, uliza kwa jina malipo ya mfumo wa Afrika Mashariki, ueleze unataka mpokeaji apate sarafu gani, na uombe kiwango pamoja na ada kwa maandishi kabla ya kusaini. Karani asiyeambiwa atatumia njia ya kawaida ya kimataifa, na pesa yako itageuzwa dola kwanza, ikikatwa mara mbili.

Kuchagua

Nchi ndogo ambayo karibu kila inachonunua kinatoka kwa jirani mmoja inafaa mpango wa randi. Visiwa vidogo vinavyofanana vinaweza kushirikiana vizuri: nchi na maeneo manane ya Karibi ya Mashariki yana dola yao moja, na kiwango chake, 2.70 kwa dola ya Marekani, hakijabadilika tangu 1976. Serikali ambayo wananchi wameacha kuiamini pesa yake inaweza kwenda kwenye dola, ila iandae sarafu ndogo na akiba ya kuzikopesha benki kabla ya siku ya kwanza.

Kwa Afrika Mashariki ninaona mpangilio uanzie nyuma. Malipo ya sarafu zilizopo yafanyike kwa bei nafuu hadi kwenye simu, msimamizi mmoja wa benki zinazovuka mipaka apatikane, mfuko wa uokozi uwe na pesa ndani yake, takwimu za nakisi zikaguliwe na mtu wa nje ya wizara husika. Noti zije mwisho. Anayetaka noti kwanza anaijenga Cyprus ya 2013.

Siku ya kubadilisha

Ikija siku hiyo, mfano mzuri wa kufuata ni wa Kroatia, iliyoingia euro tarehe 1 Januari 2023 kwa kiwango cha 7.53450 za sarafu yake ya zamani, iliyoitwa kuna, kwa euro moja. Bei zilitakiwa kuonyeshwa kwa sarafu zote mbili kuanzia Septemba 2022. Kuna na euro zilipokelewa pamoja kwa wiki mbili, na chenji ikarudi kwa euro. Amana za benki ziligeuzwa zenyewe, bila ada.

Mikataba inaendelea, mkopo haufi wala hauandikwi upya. Hatari iko kwenye desimali. Sheria inataka kiwango kitumike chote, kisha jibu ndilo lipunguzwe hadi senti. Mkopo wa kuna 1,000,000 ukigawanywa kwa 7.53450 ni euro 132,722.81. Mtu akikata kiwango kikawa 7.5, deni linakuwa 133,333.33, zaidi ya euro 610 zisizo zako. Kosa hilohilo kwenye akiba linakupa zaidi, na benki haitalifanya. Kwa hiyo chapisha taarifa ya akaunti na ya mkopo ya mwezi wa mwisho wa sarafu ya zamani, piga hesabu mwenyewe kwa tarakimu zote za kiwango, na ulinganishe na taarifa ya mwezi wa kwanza wa sarafu mpya. Noti za kuna hubadilishwa katika benki kuu ya Kroatia bila kikomo cha muda, lakini sarafu zake za chuma ziliwekewa mwisho wa 2025. Zilizobaki kwenye makopo ya akiba hazinunui tena kitu.